Masale ya Jirani

Kila Julai kituo chetu cha watoto yatima kule Machame kilipokea vijana kumi hivi kutoka Ulaya, waliokuja kutusaidia kwa wiki mbili. Nasema kutusaidia, ukweli ni kwamba sisi walezi tuliongezewa watoto kumi, tena wakubwa, wasiojua hata kumenya ndizi. Mwaka ninaousimulia ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mvivu kidogo, na Kiingereza changu cha sekondari kilitosha kunifanya mkalimani.

Siku ya pili wakaomba kazi. Nikawagawia mapanga, nikanyoosha kidole: fyekeni uwanja wote, hadi kule kwenye migomba. Kisha nikarudi barazani kunywa chai. Nilipoinua macho, walikuwa wameshaangusha mstari mzima wa masale, mpaka kati yetu na kihamba, shamba la migomba, cha bibi jirani.

Asiye Mchagga ataona ni majani tu. Kwetu sale ndilo ukuta wa shamba, na kukata masale ya jirani ni kumwambia ardhi yako naitaka. Na bibi huyu ndiye aliyekuwa akitupa bure, kila asubuhi, jagi la maziwa kwa watoto wetu watatu wadogo kabisa. Kesho yake jagi lilirudi tupu. Wadogo wakanywa uji mtupu, wananitazama mimi.

Mkuu wa kituo akauliza nani kafanya haya. "Wageni," nikasema, nikaishia hapo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliona ina nafasi bado.

Dawa ya kosa kama hilo ni sale lenyewe. Mkosaji hulifunga jani fundo, hulipeleka kwa mikono yake, na aliyekosewa akishalipokea lazima asamehe. Nikawafundisha wageni. Wakachagua jani zuri kwenye rundo walilolikata wenyewe, wakaenda kwa mstari kama wanakwaya.

Bibi alipowaona tu akajitwisha mkungu wa ndizi, akaushika kwa mikono miwili. Mwenye mikono iliyojaa hapokei jani. Kijana mmoja mrefu, kwa huruma zake, akamtua ule mkungu, akaubeba hadi nyumbani. Kufika, bibi ameshashika ndoo. Wakabeba ndoo. Akashika karai la samadi. Wakabeba na samadi. Siku tatu walikwenda na jani wakarudi nalo, wananuka zizi, wakinieleza kwamba maskini bibi yule hana msaidizi. Alikuwa na wajukuu wanne wenye misuli, wamekaa kwenye gogo wanatazama.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ila kila asubuhi wale watatu waliponyoosha vikombe vyao, kicheko kilinikauka.

Siku ya nne nilifuatana nao kutafsiri. Zizi likiwa safi kuliko jiko letu, bibi akanawa, akajifuta kwa khanga, akapokea jani. Akawabariki mmoja mmoja, akasema jagi lipelekwe asubuhi. Nikashusha pumzi. Nikampa mkono kumuaga.

"Haya bibi, tunashukuru sana."

Hakuniachia. Akasema nami kwa Kichagga, taratibu, huku akiendelea kuwatabasamia wageni: "Hawa hawajui kitu. Siku ile nilikuwa humu migombani, nikakuona ukinyoosha kidole. Siku zote hizi nilikuwa nakungoja wewe."

Sikuwa na jani. Wageni wakataka kujua bibi amesema nini.

"Anawashukuru kwa moyo wenu," nikatafsiri.

Msichana mmoja akalengwalengwa na machozi, akanikumbatia kwa nguvu, na sijawahi kukumbatiwa nikaona haya kama siku ile.