Zuhura na Sumaku Zisizotulia

Hadi sasa mkono unakataa kuandika "marehemu" mbele ya jina lako, Zuhura. Naandika, nafuta, naandika tena.

Kwa msiomjua: Zuhura wa Unguja, mwanafizikia, rafiki yangu na mwenzangu wa lab hapa London. Wiki iliyopita alianguka kwenye stesheni ya treni Edmonton akija kazini. Moyo, walisema. Na hakuwahi hata siku moja kulalamikia kifua.

Mimi Njeri wa Nakuru ni mwoga, mnanijua. Lakini tangu siku hiyo naogopa kila kitu. Naogopa ngazi, naogopa simu ikilia, naogopa hata mapigo ya moyo wangu mwenyewe nikilala chali.

Siku tuliyokutana nilikusalimia kwa Kiswahili, ukashika kichwa. "Shoga, unanisalimia au unanigombeza?" Tulicheka mpaka supervisor akachungulia mlangoni.

Kazi yetu iko basement, kwenye mashine ya kupoza vitu mpaka baridi isiyosemeka. Inapozwa na heliamu, na heliamu ikivuja chumbani inafukuza hewa. Unazimia bila kusikia harufu yoyote, ndiyo maana ni marufuku kuijaza ukiwa peke yako.

Zuhura alikuwa anasema "Bismillahi" ndipo aguse valvu. King'ora cha oksijeni kikilia, hata kwa bahati mbaya, mimi nilikuwa wa kwanza nje, yeye wa pili akinicheka: "Na mbio hizo Kenya hawajakuita Olimpiki?" Wee Zuhura!

Wengi mlikuwa mkimuuliza anatafuta nini humo chini. Siku moja alimweleza yule mzee Mhindi wa duka la chai Kingsbury, mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kinanishinda mimi.

Akamwambia ana fuwele ndogo kama punje ya sukari, na ndani yake kila chembe ni kijisumaku kinachotaka kuelekea kinyume na jirani zake. Wakiwa wawili, sawa. Shida ni wakiwa watatu kwenye pembetatu.

"Mzee, meza hii ina pande mbili tu. Mimi sitaki kukaa upande mmoja na Njeri, wala na wewe. Njeri naye hataki kukaa na wewe. Haya, utakaa wapi?"

Mzee akafikiria, akasema, "Mimi nina duka bwana, nitasimama tu." Zuhura akapiga meza kwa furaha: "Huyo! Huyo ndiye sumaku wangu wa tatu!" Chai ile hatukulipishwa.

Sumaku nyingi ukizipoza sana hujipanga na kuganda. Zuhura aliamini zake haziwezi, kwamba hata kwenye baridi ya mwisho zitabaki zikigeukageuka, hazitulii. Miaka yake yote ya London aliitia humo.

Kwenye meeting wakubwa walisema zitaganda tu. Yeye alijibu kwa adabu, "We'll see." Tukitoka nje ananinong'oneza, "Watajiju!"

Kipimo cha mwisho alikianzisha mwenyewe, siku moja kabla hajaanguka. Tulimzika mashine bado inapima.

Mama yake hakupata viza. Nilisimama nyuma na wanawake, nimejifunga leso kichwani, nikainua simu ili aone mazishi ya mwanawe kutoka Unguja. Dada mmoja akanishika kiwiko.

Kisha mama akaniuliza, "Mwanangu Njeri, kile alichokuwa akikitafuta kimepatikana?" Nikamwambia nitaangalia. Mungu wangu, mbona nilisema vile?

Kwa sababu mashine ikimaliza, jibu lingekuwa pale kwenye kompyuta, ni mstari tu wa grafu. Ukiwa laini, Zuhura alikuwa sahihi. Ukiwa na kilele, sumaku ziliganda, wazo lake limeanguka, na yeye hayupo kulitetea.

Mashine ilipomaliza, hakuna aliyetaka kuufungua. Sote tuliipita ile kompyuta kwa mbali, kama mbwa mkali.

Jana nikashuka na fundi wa lab. Pampu zinanguruma, sweta yake bado iko kitini. Nikasema Bismillahi, mimi Mpresbiteri mzima, nikafungua.

Kuna kilele, Zuhura. Ni kidogo, lakini kipo. Nilikagua kipimajoto, nikakagua nyaya, nikaomba kosa liwe langu. Kipo tu. Ziliganda.

Sikulala. Nilikuwa nawaza, namwambiaje mama aliyezika mtoto kwa simu kwamba hata kazi ya mtoto huyo haikutimia? Niliogopa nitamuua.

Leo nimempigia. "Mama, nisamehe. Zuhura alikosea."

Mama akaniuliza:

"Umetazama mwenyewe?"

"Nimetazama mwenyewe, mama."

Akaanza kulia. "Alhamdulillahi. Mimi sikuwa na khofu ya kukosea kwake, mwanangu. Khofu yangu ilikuwa asitokee mtu wa kutazama."

Tumelia wote wawili mpaka chaji yangu ikaisha.

Shoga yangu, tutaandika vilevile ilivyo, kilele na yote, na jina lako litatangulia. Wakubwa watasema walijua. Waache waseme.

Bado naogopa, sitakudanganya. Jumatatu narudi basement kurudia kipimo, na wewe hutakuwepo kunicheka pale mlangoni. Mama yako ameniagiza nikipanda juu tu nimpigie, ajue nimetoka salama.

Lala unono, Zuhura.