Karatasi Iliyoishia D

Chumba cha hesabu kilinuka makoti mabichi. Hadi leo nikipita penye nguo ya sufu iliyonyeshewa na kuanikwa juu ya hita, najiona kama vile nimeulizwa kitu mbele za watu. Kilikuwa chumba cha mwisho cha ukumbi wa chini, dirisha lake limepakwa rangi hadi halifunguki, na ndani tulikuwa kumi na wanne: Wasomali, ndugu wawili wa mtaa wa Alum Rock waliokuwa wamefika juzi kutoka Pakistan, msichana mmoja mzungu aliyeugua muda mrefu akapitwa na masomo, na sisi wawili wa Kongo, mimi na Mapendo, kwenye dawati la pembeni ya hita. Bwana Hargreaves, mwalimu wetu, ndiye aliyetukalisha pale. Alisema watu wa Afrika wanahitaji joto. Aliona ni mzaha mzuri, akaurudia kila Novemba kwa miaka mitatu. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye jina langu hakuwahi kulitamka sawasawa.

Mapendo ni binti wa mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu. Mama alibaki Uvira, kaburini, pamoja na kaka zangu wawili, na mimi nikavuka ziwa nimeshika kitenge cha mama mkubwa kwa mkono mmoja na mkono wa Mapendo kwa mwingine. Kwenye makaratasi tuliyopewa katika kambi ya wakimbizi tuliandikwa tumezaliwa siku moja, tarehe mosi Januari, mwaka mmoja, kwa hiyo tulipofika Birmingham, Uingereza, tuliwekwa darasa moja. Shule tuliyopelekwa sitaitaja, ni safari ya basi moja tu kutoka Castle Vale tulikopewa nyumba. Siku ya kwanza tulipewa mtihani wa hesabu. Sisi tulikuwa tumefundishwa kikongomani, yaani kugawanya kwa kuandika kigawanyo upande wa kulia na jibu chini yake, kuweka koma pale Waingereza wanapoweka nukta, na kuandika moja yenye mkia mrefu. Bwana Hargreaves alitazama zile koma na ile mikia, akapiga msalaba ukurasa mzima. Akasema tukae kundi la mwisho kwa muda. Huo muda ndio ule wa miaka mitatu niliousema.

Mapendo alikuwa na miguu. Sijui niseme vipi tena. Alikimbia mita mia nne kama mtu aliyesahau jiko likiwaka nyumbani, na mwalimu wa michezo, Bwana Dutton, alipomwona mara ya kwanza aliacha filimbi ikining'inia mdomoni. Toka siku ile Dutton akawa anamtoa darasani kwenda mazoezini, kwenda mashindanoni, kupigwa picha na kikombe. Shule ilimpenda. Januari ya mwaka wetu wa mwisho ikaja barua kutoka chuo kimoja cha Marekani. Kocha wa huko alikuwa ameona muda wake, anamtaka, wako tayari kumsubiri amalize shule na kumsomesha bure. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili, nao ulisema Marekani mwanamichezo haingii chuoni kwa miguu peke yake. Lazima awe amefaulu masomo matano ya darasani, kila moja kwa C au zaidi, na Hesabu iwemo. Somo la michezo, lile Dutton alilomwandikisha kwa madaha, halikuhesabiwa kabisa.

Masomo mengine manne Mapendo aliyaweza. Hesabu nayo aliiweza, ila kulikuwa na jambo tulilokuwa hatulijui. Alimfuata Bwana Hargreaves baada ya kipindi, mimi nikiwa nyuma yake nimebeba mikoba, akamwuliza afanye nini ili apate C. Hargreaves alikuwa anafuta ubao, hakugeuka. Akamwambia hapati. Akaeleza kwa sauti ya mtu anayetaja ratiba ya treni kwamba mtihani wa Hesabu una karatasi tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na kundi letu huandikishwa ile ya chini. Karatasi ya chini inaishia D. Hata ukijibu kila swali, hata wakikupa mia kwa mia, unapata D. Miaka mitatu tulikuwa tukikaa kwenye chumba chenye dari ya chini namna hiyo na hakuna aliyetuambia tuinamishe kichwa. Tulipomwendea Dutton, uso ulimwiva. Alikuwa anajua. Alisema hakutaka kumvunja moyo msimu wa mbio ukiwa unaendelea.

Mama mkubwa alikuwa akisafisha nyumba za watu Sutton Coldfield, anaondoka na treni ya kwanza. Alipiga simu shuleni mara tatu kuomba aonane na wakubwa, kila mara nikimtafsiria mimi, maana Kiingereza chake kilikuwa cha sabuni na mifagio tu. Mara ya tatu wakampa siku: wiki moja baada ya orodha ya mtihani kufungwa. Aliweka simu chini, akaichukua tena, akaanza kuwapigia wamama wa kwaya.

Kwetu mtu akifiwa, watu wanakuja kukaa. Hawaji kuzungumza wala kudai, wanakaa tu, chini, pamoja, mpaka jambo liishe. Basi Alhamisi saa mbili asubuhi wamama sita wa kanisa letu waliingia mapokezi ya shule wamevaa kitenge kimoja, kile cha kijani cha Pasaka, wakavua viatu, wakavipanga ukutani, wakaketi kwenye zulia, mama mkubwa katikati yao, mimi pembeni kama mkalimani. Viti vilikuwepo, wakaviacha. Walikuja na chupa mbili za chai na bakuli la mikate ya kukaanga. Mama Chantal, ambaye hata msibani mdomo wake haukupumzika, alimwonyesha yule dada wa mapokezi bakuli, naye kwa adabu akachukua mmoja. Wanafunzi wakawa wanapita wakichungulia. Ilipofika saa nne yule dada alinijia na macho mekundu, akaniuliza polepole ni nani amekufa.

Nikatafsiri. Mama Chantal akasema, "Mwambie bado anapumua, ndiyo maana tumeleta chai." Wamama wakacheka ndani ya vitenge. Mama mkubwa hakucheka.

"Mwambie hesabu ya mutoto wangu imekufia humu ndani," alisema. "Nimekuja kuchukua maiti, nikaizike kwangu."

Niliyasema vile vile, neno kwa neno. Hiyo ilikuwa sheria ya mama mkubwa toka nilipoanza kumtafsiria hospitalini na maofisini, nikiwa na miaka kumi na mbili. Kila tulipokaribia mlango wa ofisi alinishika bega akanikumbusha, "Leo mdomo wako ni wangu." Sikutakiwa kuongeza, kupunguza, wala kulia. Nilijivunia kazi ile. Watu wa kanisani walinigombania.

Saa sita akateremka Bibi Pell, naibu mkuu wa shule, aliyeshika orodha za mitihani. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, na kwanza aliongea na hewa iliyokuwa juu ya vichwa vya wamama. Alipoona hawanyanyuki, akachuchumaa. Akasema uamuzi wa kundi ni wa mwalimu. Akasema pia karatasi ya kati ina hatari yake, kwamba mtoto akishindwa kufikia kiwango cha chini cha karatasi ile, haandikiwi chochote, anatoka mikono mitupu, afadhali hata hiyo D.

"Mwambie hatari naijua kwa sura," mama mkubwa alisema. "Anipe mahali pa kuweka sahihi."

Bibi Pell alinitazama mimi, si yeye, kama anayeomba nilainishe. Sikulainisha. Akapanda juu, akarudi na fomu ya darasa letu, akaiweka juu ya zulia kati ya chai na mikate. Majina kumi na manne kwa alfabeti ya majina ya ukoo, na kwa vile mimi na Mapendo tuliandikwa ukoo mmoja, tulifuatana. Akafuta alama iliyokuwa mbele ya jina la Mapendo, akaandika nyingine, mama mkubwa akatia sahihi pembeni. Jina langu lilikuwa mstari wa chini yake, karibu kiasi kwamba mkia wa sahihi uligusa herufi yangu ya kwanza.

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Mimi ndiye nilikuwa mdomo. Pale kwenye zulia hakuna aliyejua lugha zote mbili isipokuwa mimi. Ningemwambia Bibi Pell, mama anasema wote wawili, angefuta na alama yangu, mama mkubwa angedhani ni utaratibu, ungekuwa mwisho wa maneno. Sentensi moja. Niliisikia imekaa juu ya ulimi kabisa. Lakini mdomo haukuwa wangu siku ile, na kwanza nani angenitaka Marekani, mimi niliyekimbia kama mfuko wa unga? Nikanyamaza. Wamama walivaa viatu, wakakung'uta makombo ya zulia kwa mikono yao, wakaondoka wakiimba kwa chini.

Msije mkadhani msimu ule ulikuwa wa machungu. Ulikuwa msimu mzuri kuliko yote niliyowahi kuishi, na hilo ndilo linaloniudhi. Mapendo alihamia chumba cha juu chenye madirisha, kwa mwalimu mwingine, na miezi mitatu alitakiwa kuyajua ya miaka mitatu. Kila jioni tulikwenda kwenye majani nyuma ya ghorofa zilizokuwa zikisubiri kubomolewa. Mimi nilishika saa ya mbio mkono mmoja na daftari lake mkono mwingine. Alikimbia mita mia mbili, akarudi akihema, nikamwuliza swali kabla pumzi haijatulia. Akikosea, anarudia mbio. Ili nijue kama amekosea, ilinibidi niwe nimelifanya swali mwenyewe, kwa hiyo nililifanya darasani, chini ya meza, huku Hargreaves akitufundisha kusoma saa ya ukutani. Kufikia Mei nilikuwa natafuta x bila kukuna kichwa. Majani yalinuka mvua, mapipa ya wajenzi yalinuka vumbi, na Mapendo alikuja mbio akipaza sauti ya jibu toka mbali.

"Dutton ana huruma kuliko wewe," aliniambia siku moja, amelala chali. "Yeye angalau hajui hesabu."

Agosti tulipewa bahasha mlangoni pa shule. Mapendo alifungua yake, akaketi palepale chini. C. Masomo matano yote yalitimia. Dutton alimnyanyua juu mbele ya mpiga picha wa gazeti kana kwamba ni yeye aliyeifanya. Mimi nilifungua yangu pembeni. D, ya Hesabu. Hargreaves alinipita akaniambia nimefanya vizuri, na kweli nilikuwa nimefika juu kabisa. Mapendo alikuja akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaisoma muda mrefu, mtu ambaye miezi mitatu alikuwa akisahihishwa na mimi.

"Karatasi iliisha kabla yako," alisema. Akanirudishia akiwa ameshaanza kulia, siku yake ya furaha ile.

Alisoma miaka miwili zaidi, akaenda. Alikimbia kwa niaba ya chuo chake misimu minne, leo anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali huko huko, anapima damu za watu. Simwonei kijicho, na anayesema namwonea hakutuona kwenye yale majani. Mimi nilikwenda kiwanda cha sandwichi nikiwa na miaka kumi na sita, shule ikaishia hapo. Wale wengine kumi na wawili waliobaki chini ya dari ile nawakuta mara moja moja, mmoja sokoni, mmoja usukani wa teksi, na hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba kulikuwa na karatasi nyingine. Bwana Hargreaves, Bwana Dutton, Bibi Pell. Nimewataja. Mama mkubwa naye nilimtaja, uso kwa uso, miaka kumi na mitano baadaye, tukichambua samaki wakavu jikoni kwake. Nilimwuliza kwa nini hakukaa kwa ajili yangu.

Aliendelea kuchambua mpaka samaki yule akaisha. "Hukusema," akaniambia. "Ungesema, ningekaa mwezi."

Nilimchukia wiki nzima, kisha nikaanza kuliona neno lile kwa upande wake wa pili. Angekaa. Kumbe nilikuwa mtu wa kukaliwa.

Siku hizi mtihani umebadilika. Karatasi zimebaki mbili, na hata ya chini inafika kiwango cha kufaulu, kwa hiyo mtoto wa leo akifeli, anafeli mwenyewe. Nimelisoma hilo kwenye karatasi ya matangazo maktabani, ambako kila Jumamosi asubuhi kuna darasa la Hesabu la watu wazima, bure. Septemba iliyopita nikaingia. Mwalimu ni binti wa Kisomali mwenye umri wa kuwa mwanangu, amezaliwa hapa hapa, na tulio darasani wengi tuna mvi. Wiki ya sita alipita meza kwa meza na orodha ya kuandikisha mtihani. Akachukua kiti, akaketi pembeni yangu, akafungua daftari langu akatazama kazi, koma zangu na moja zenye mikia akizipita bila kuguna. Kisha akaniuliza nataka karatasi ipi.

Nilichelewa kumjibu, naye akadhani sijaelewa, akaanza kueleza tofauti yake. Nilimwacha aeleze mpaka mwisho. Nilikuwa naelewa kila neno. Halafu nikamwambia, kwa mdomo wangu mwenyewe, aniandike ya juu.