Taa Iliyofungwa Kichwani mwa Protini

Kuna siku moja, mwanangu unayeingia maabara sasa, ninayoikumbuka mpaka leo, na bado inaniuma.

Nilikuwa mwanafunzi wa maabara, binti wa muuza mahindi wa Malaba. Tulitafuta makao ya protini moja ya muhogo ndani ya seli. Protini haionekani hivi hivi, kwa hiyo unaiunganisha na nyingine inayong'aa kijani, kama kumfunga mtu taa, halafu unachungulia jani lingali hai kwa hadubini. Profesa wangu aliifunga taa kichwani, yaani mwanzoni mwa mnyororo wa protini. Seli nzima ikang'aa, picha ya kupendeza mno. Akasema protini hii haina kwao, inazurura tu.

Roho yangu ilikataa. Mama hakununua gunia kwa kuchoma bambo juu peke yake. Alichomeka kile chuma cha kuchotea punje na chini pia, akaona punje mbovu zilizofichwa, maana muuzaji naye ana akili. Nikafunga taa mkiani, mwisho wa mnyororo. Protini ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye mitokondria, pale seli inapotengenezea nguvu zake, ikatulia. Nikarudia. Vilevile. Kumbe anwani yake iko kichwani, na taa yetu ndiyo iliyoifunika.

Nikampelekea picha. Hakuzishika.

"Wewe binti, makala inasubiriwa. Umekuja kusoma ama kuuza mahindi?"

"Hata mahindi, Prof, hatununui kwa rangi."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Muhula uliofuata sikuwa na msimamizi wala nafasi, na wale waliocheka wakiniona wanasoma ubao wa matangazo. Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Wangu walinikimbia polepole, kwa adabu.

Miaka baadaye jarida likaifuta makala ile, kwa kosa lilelile. Ukweli ulirudishwa maabara. Mimi hakuna aliyenipigia simu. Nauza mbegu na dawa ya kupe hapa Malaba, nikiwa na digrii moja na nusu.

Basi shika hili. Taa ni mgeni, na mgeni hubadilisha tabia za wenyeji. Ifunge kichwani, ifunge mkiani, kisha hakikisha protini bado inafanya kazi yake. Majibu yakigombana, usichague lenye picha nzuri. Ila asikudanganye mtu kwamba ukweli una shukrani. Kabla hujafungua mdomo, tafuta msimamizi wa pili, mimi sikutafuta.

Mungu akupe macho makali na moyo mgumu, na siku utakayosema hapana, akupe hata mtu mmoja wa kusimama nawe.