Mtani Wetu wa Mwanza

Shinyanga yetu ya miaka ya sabini ilikuwa na pamba, vumbi na reli. Mtu aliyetaka kuona maji mapana alipanda treni kwenda Mwanza. Ndiyo maana shangazi yangu alipoambiwa hospitali kwamba jicho lake la pili nalo limeanza kuingia ukungu kama la kwanza, hakuniuliza habari za dawa. Aliniambia, "Mwanangu, nipeleke ziwani kabla halijafunga." Alikuwa Mzaramo wa Kunduchi, aliyeletwa Shinyanga akiwa bibi harusi, na tangu hapo hakuiona tena bahari. Yeye ndiye aliyenilea. Ningempeleka hata kwa miguu.

Habari zikaenea, na majirani wakaja na maonyo yao. Mwanza si Shinyanga, walisema. Ukifika usimwambie mtu umetoka wapi, sema umekuja kwa dada yako Kirumba. Soda iliyokwisha funguliwa usiinywe. Anayekuambia nyumba ya wageni fulani imejaa, huyo ana yake. Ufukweni kuna mamba, na wasipokuwepo mamba kuna vijana. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi stesheni alinishika mkono kabisa: "Wakikuibia piga kelele ya mwizi. Mji wote utakuwa polisi wako."

Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini, mtu wa kufuata maagizo, tena mkali. Niliyashika yote. Ndani ya treni niliufunga mkoba wetu kwenye kifundo cha mkono kwa kipande cha khanga, na tulipokaribia Mwanza nikafunga dirisha la mbao, maana niliambiwa wezi wa huko huvua mizigo dirishani kama wanavua sato. Shangazi akauliza kama ziwa limeanza kuonekana. Nikamwambia atulie, ataliona akiwa salama.

Ngazi ya behewa ilikuwa ndefu. Ili nimshushe shangazi ilibidi niufungue mkoba na kuuweka chini. Mtu mmoja mwenye ndevu na koti la kahawia akauokota akaenda nao, wala hakukimbia. Alitembea kama mwenye mali yake.

"Mwizi!" nilipiga kelele. "Mwizi huyoo!"

Mji ukawa polisi kweli. Wachukuzi walitupa mizigo, wanawake wa samaki waliacha beseni zao, na kabla yule mtu hajafika getini walikuwa wamemzunguka. Kofi la kwanza nililisikia nilipokuwa. Mzee mmoja alikuwa ameinama kuokota jiwe pembeni mwa reli. Mimi nilitaka mkoba wangu, sikutaka mtu afe, na kelele ile sikujua namna ya kuirudisha mdomoni.

Shangazi aliniponyoka. Alifuata makelele, akiwasukuma watu kwa viwiko, mpaka akamgusa yule mtu. Akavua khanga yake ya juu akamfunika nayo kichwa, akamkumbatia.

"Mnampigia nini mtani wangu?"

"Mtani wako namna gani, mayu?" aliuliza mzee mwenye jiwe, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimi Mzaramo, huyu Msukuma. Nimemwambia mkoba wangu autwae kama ana ubavu, kautwaa. Au siku hizi Wasukuma mnawapokea watani kwa mawe?"

Utani wa Wasukuma na Wazaramo ni wa tangu enzi za mababu. Mtani huchukua kuku wako mbele ya macho yako, huja msibani kwako akamcheka marehemu, na hukasiriki. Pale stesheni hapakuwa na asiyelijua hilo. Mzee akaliangusha jiwe. Mwanamke mmoja wa samaki akasema, "Mzaramo mwenyewe kibogoyo! Ndani ya mkoba huo kutakuwa na nini zaidi ya maneno?" Shangazi akamjibu kwa jambo ambalo siwezi kuliandika hapa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli yake.

Chini ya khanga ikatoka sauti ndogo. "Bibi, mimi wala si Msukuma."

"Leo ni Msukuma," alisema shangazi. "Beba mkoba. Twende ziwani."

Hakuna mgeni aliyewahi kutembea Mwanza kwa usalama kama sisi. Vijana wa kuvuta wageni walimwona yule bwana wakatazama pembeni. Wauza saa walitupisha njia. Nyumba ya wageni iliyokuwa imejaa ilipata chumba alipoingia yeye. Mimi nilikwenda nyuma yao, nimenuna, macho yangu yako kwenye mkoba.

Ufukweni yeye ndiye aliyemshika shangazi mkono kushuka mawe. Shangazi aliinama akanawa uso, akaonja. "Hayana chumvi," alisema, kama anayelalamikia mchuzi.

"Kule ng'ambo ni upande wa Geita, bibi," yule bwana alimweleza. "Mtumbwi ule umepakia ndizi. Na meli ile nyeupe inatoka Bukoba."

Nikainua macho. Mtumbwi wa ndizi ulikuwepo. Meli haikuwepo. Nikamtazama shangazi, na uso wake ulikuwa umeelekea kwenye mawe.

"Naiona," alisema. "Nyeupe kweli."

Jicho lilikuwa limefunga. Pengine lilifunga wiki ile, pengine kabla, naye alikaa kimya ili nisiivunje safari. Mwizi alilijua hilo kabla yangu. Nikafungua mdomo nimkomeshe na uongo wake, akanitikisia kichwa kidogo, akaendelea. Juu ya meli kuna mama mwenye khanga nyekundu, alisema, anapunga mkono. Nikalia kwa kujizuia, ila pua ikanisaliti. Shangazi akampungia yule mama. Na uchungu wote niliokuwa nao juu ya yule mtu ukaniisha.

Kesho yake alitusindikiza stesheni, akatupitishia mkoba dirishani. "Mzaramo, usirudi tena kutusumbua," alisema.

"Nikirudi nakuja kukuzika," alijibu shangazi.

Treni ilipoondoka niliacha dirisha wazi, lote, upepo wa ziwa ukatupiga usoni.

"Yule mtani anajua kudanganya," alisema shangazi. "Meli gani isiyo na mlio? Mimi nimekulia kwenye maji."

"Sasa mbona ulipunga mkono, shangazi?"

Alinitafuta uso kwa kiganja mpaka akaupata.

"Wewe ulikuwa unalia, mwanangu. Na yeye alikuwa amejitahidi sana."