Harusi Niliyoiongoza

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mume mbaya kuliko wote katika mji wa Butembo, na sikuwa hata na mke. Nilikuwa na kipindi. Kila Jumamosi jioni, katika mchezo wa televisheni ya pale mjini, nilimfukuza mke wangu nje kwenye mvua na kumtupia masanduku yake. Mvua yenyewe ilikuwa jirani yetu aliyekaa juu ya paa na ndoo. Lakini nani alijali ndoo? Sokoni wamama wa maharage walinipimia kwa hasira, na dereva mmoja wa pikipiki alinishusha katikati ya mlima akisema habebi mtu wa namna yangu. Mimi nilijivuna, kwani mwigizaji akichukiwa ujue kazi imefanyika.

Kiburi kiliniisha siku nilipopanda hadi kijiji cha Masereka kujitambulisha kwa baba wa msichana niliyempenda. Tulikuwa tunaimba naye katika kwaya ya parokia, na alijua vizuri kwamba hata kuku siwezi kumfukuza. Baba yake, mkulima wa viazi, hakujua hivyo. Jirani yake alikuwa na televisheni. Mzee alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu.

“Weye njo ule mwenye anafukuzaka bibi mu mvula?”

“Papa, ile ni muchezo tu.”

“Lakini bibi alilowana. Niliona na macho yangu.”

Na kweli alilowana. Mzee akasema binti yake hatoki pale kwenda kwa mtu kama mimi, na akarudi kwenye viazi vyake.

Watu husema nilikuja kuwa mwongozaji kwa sababu ya kipaji. Niliwaachia waseme hivyo. Ukweli ni kwamba mwongozaji haonekani, na mimi nilitaka nisionekane kabisa mpaka mzee asahau. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumuua yule mume mbaya kwa radi. Soko zima lilishangilia. Kisha nikaanza mchezo mwingine, wa kijana mwenye adabu anayeoa kwa utaratibu, na nikaomba kupiga picha za mahari nyumbani kwa mzee mwenyewe, ili aone sasa natengeneza mambo ya heshima.

Alikubali kwa sharti.

“Kama ni kwangu, mie njo nitakuwa baba. Mutu mwingine hapana ikala mu kiti yangu. Na mambo yote ifanyike muzuri, hapana ya bongo, hapana ya kudanganya.”

Bibi harusi alikuwa binti yake, mpenzi wangu. Bwana harusi alikuwa mwigizaji wetu kijana, mwenye sura nzuri kupita kiasi. Waliokosekana ni mbuzi. Kwetu hakuna mtu anayeazima mbuzi kwa harusi ya uongo, basi nikawachukua wale ambao mama yangu alikuwa ananichungia kwa ajili ya mahari yangu mwenyewe. Nilimwahidi nitawarudisha jioni.

Wajomba walifika, kasikisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, na mzee akaanza kukagua mbuzi mmoja mmoja. Akamkataa mmoja mwenye sikio lililochanika. Kijana wetu hakuwa amefundishwa maneno ya hapo, akanigeukia. Nikajibu mimi, kutoka nyuma ya kamera, kwamba huyo ana nguvu, na mama yake alizaa mapacha. Mzee akauliza tena, nikajibu tena. Nilitetea mbuzi wangu hadi jasho likanitoka, na kijana akabaki anatabasamu tu. Mmoja akachinjwa. Nikapaza sauti: “Coupez!”

“Hapana kukata,” mzee akasema. “Bajomba bado kula.”

Walipomaliza kula nikaanza kuwafungua mbuzi waliobaki. Mzee akashika kamba.

“Unapeleka wapi?”

“Kwa mama, papa. Muchezo iliisha.”

“Mbuzi nilisha kuipokea mbele ya batu. Hairudie. Ilikuwa ya nani?”

Kijana, ndani ya suti yake mpya, alikuwa anamtazama msichana, na macho yale sikuyapenda hata kidogo. Niliogopa kuliko siku zote nilizowahi kusimama mbele ya kamera.

“Ni yangu, papa. Mama alinichungia.”

“Basi bibi ni wako. Mambo ya televizyo mie hapana jua. Najua mbuzi.”

Nililia pale pale, mbele ya wajomba. Kamera ilikuwa bado inafanya kazi, lakini ilikuwa imemwelekea kijana.

Kipindi kilipoonyeshwa, nchi nzima ya milimani ilimpongeza yeye. Sisi tulibarikiwa baadaye parokiani, kisha tukahamia mji wa Beni, katika mtaa wa Beu. Huko tukipita sokoni pamoja, wamama wanatikisa vichwa. Wanamjua mke wangu: aliolewa vizuri sana, na mbuzi wazuri, halafu angalia amemwacha yule kijana mwenye adabu kwa ajili ya nani. Wananipimia maharage kama zamani.

Hata mzee, aliyenipa binti yake kwa mdomo wake, hajasahau. Kila msimu wa mvua simu yangu inalia.

“Mvula inanyesha uko Beni?”

“Inanyesha, papa.”

“Na bibi iko wapi?”

“Iko ndani, papa. Iko na kauka.”

“Mupatie simu.”