Wakili anayewafundisha wasomi wenzake kuitikia salamu

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa ghorofa ya pili unanuka rangi mpya na kahawa. Mawakili wapatao sitini, wengi wao watu wazima wenye mvi na miwani, wamekaa kwenye viti vya plastiki huku wakitafuta mahali pa kuchaji simu.

Mbele yao amesimama mwanamke mfupi, mnene kiasi, ambaye amevua viatu na kuvisukuma chini ya meza kwa mguu. Hana karatasi mkononi.

"Habari za asubuhi, wasomi?" anauliza.

"Nzuri," ukumbi mzima unaitikia kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

"Basi mmeshindwa kesi," anasema, kisha anakaa.

Wanacheka. Halafu wanaona yeye hacheki, nao wananyamaza mmoja mmoja. Wakili wa mstari wa mbele anafungua kalamu, anaandika kitu, anakikata. Mwalimu anawasubiri tu. Ana subira ya mtu aliyezoea kesi ya saa tatu kuitwa saa saba.

Wenzake humwita Mama Chai. Msimfikirie vibaya, si chai ile ya kupitishwa chini ya meza. Jina hilo alilipata kwenye mafunzo haya haya, yale ya kila mwaka ambayo wakili asipoyahudhuria leseni yake haihuishwi. Kwa miaka mingi alikuwa akifika, anasaini, anangoja chai ya saa nne, anafunga vitafunio viwili kwenye karatasi, kisha haonekani tena mpaka mwaka unaofuata.

"Nilikuwa bingwa," anasema bila aibu yoyote. "Mlango wa nyuma wa ukumbi huu naujua kuliko mlango wa kwangu. Nilijiambia, mimi nimezeekea mahakamani, huyu anayesimama pale mbele ataniambia nini? Kumbe elimu haina mwisho, na wala haina huruma."

Kazi yake ni kesi za madai, hasa za watu walioumia. Aliyegongwa na gari, aliyekatwa vidole na mashine, aliyeangukiwa na mzigo ghalani, wote humfuata yeye. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya magari, na ngazi za kufika huko ni nyembamba, zimesimama wima hata mzima anahema.

"Nimewapangia wagonjwa ofisi ya kuparamia," anasema na kutikisa kichwa. "Basi huwa nashuka mimi. Nusu ya kesi zangu nimeziandaa kwenye benchi la duka la vipuri, mteja huku, betri za magari huku."

Si kazi ya kumtajirisha mtu. Wateja wake wengi humlipa kesi ikimalizika, na kesi haina haraka. Mwaka juzi ilipita miezi mitano hajaingiza kitu, ikabidi aishi kwa kuandika mikataba ya kupangisha nyumba. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni mhasibu, humwambia kila sikukuu aache. Yeye humjibu kwamba ataacha kesi zikiisha.

Mwaka huo huo ndipo fundi wa lipu alipomletea kesi.

Fundi huyu alikuwa mtu wa kusifiwa mjini. Ukuta aliopaka yeye, watu walisema, unaweza kuupitishia kiganja toka pembe hadi pembe usiguse kokoto. Asubuhi moja jukwaa la mbao alilosimamia lilikatika, akaanguka toka ghorofa ya pili na kutua kwa ubavu. Nyonga ilipasuka. Daktari alisema bila operesheni mguu utazidi kukaza, na fundi hatapanda tena jukwaa maisha yake yote. Nyumbani kulikuwa na mke, watoto watatu na mama mkwe, na wote walikuwa wakila kwa mwiko wake wa lipu.

Kampuni ya ujenzi ilikataa kugharamia operesheni. Ilidai fundi ameshapona, tena amekiri mwenyewe. Msimamizi wa kazi alikuwa akimpigia simu mara kwa mara kumjulia hali, na kila mara fundi alimjibu, "Naendelea vizuri, bosi, namshukuru Mungu."

"Na walikuwa hawajasema uongo," anasema Mama Chai. "Hilo ndilo lililonikera. Walimnukuu sawasawa, neno kwa neno. Mimi nikaona ni jambo dogo, nikasema nitalishughulikia huko huko mbele."

Wiki moja kabla ya siku ya ushahidi, ikaangukia siku ya mafunzo. Mama Chai alifika, akasaini, akanywa chai yake, akafunga vitafunio. Alipofika mlango wa nyuma, mvua ilikuwa inamwagika kama bomba limepasuka, naye hakuwa na mwavuli. Akarudi kukaa, amelowa mabega na amenuna.

Aliyekuwa akifundisha siku hiyo ni jaji mstaafu, bibi mwenye sauti ndogo ambaye harudii neno. Aliweka kiti kimoja katikati ya ukumbi na kusema, "Leo kila mmoja atakaa hapa awe mteja wake mwenyewe. Mwenzake atamhoji kama wakili wa upande wa pili. Tuanze na yule aliyelowa."

Mama Chai akaenda kukaa kwenye kiti. Akawa fundi. Jirani yake, wakili anayetaniana naye tangu chuoni, akasimama, akarekebisha tai na kumtazama kwa upole mwingi.

"Pole na safari, mzee wangu. Habari za afya?"

"Nzuri, namshukuru Mungu," Mama Chai akajibu.

"Sina swali lingine, Mheshimiwa," jirani akasema, akakaa.

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Hata yeye alicheka, kwa sekunde chache hivi, kisha akaacha.

"Niliona kesi ya fundi inazama mbele ya macho yangu," anakumbuka. "Maana yule wakili wa kampuni namfahamu. Mpole, hana kelele, na kila shahidi humsalimia kwanza. Miaka yote hiyo nilikuwa nikisema, yule bwana kalelewa vizuri kwao. Kumbe ni mtego, nami nimekuwa nikiutazama kila siku na kuusifia."

Alimuuliza jaji mstaafu afanye nini. Je, amwambie fundi asiseme nzuri? "Kumwandaa shahidi ni wajibu wako," akasema bibi yule. "Kumlisha maneno ni kosa, na unalijua. Zaidi ya hapo, unataka mtu mzima asalimiwe akae kimya kama gogo?"

Hakumpa jibu lingine. Mvua ilikuwa imekatika, lakini Mama Chai hakuondoka mpaka jioni.

Alfajiri ya kesho yake alikwenda nyumbani kwa fundi, kabla hajaenda mahakamani kwenye kesi nyingine. Ni nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Kuta zake za ndani ni laini kama sahani, kwa sababu amezipaka fundi mwenyewe.

"Hodi. Habari za asubuhi hapa?" akaita.

"Nzuri tu, dada wakili, karibu ndani," sauti ya fundi ikajibu, changamfu kabisa.

Akasukuma mlango. Fundi alikuwa nusu kitandani, nusu hewani. Mkewe alikuwa amempitisha shuka chini ya makwapa, amelizungusha mikononi, amekanyaga ukingo wa kitanda, anamvuta mumewe ainuke. Fundi alikuwa ameuma meno, jasho linamchuruzika mpaka shingoni. Na alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya mgeni.

"Nililia," anasema Mama Chai. "Siwezi kukuficha. Nilisimama pale mlangoni na mafaili yangu nikalia kama mtoto. Yule baba akawa anafanya kazi ya kunibembeleza mimi, huku ananing'inia kwenye shuka."

Walipotulia, akamweleza hofu yake. Fundi akashangaa.

"Sasa nikisalimiwa nisiitikie? Jaji si ataniona sina adabu?"

"Huyu ndiye mwenye makosa," mkewe akadakia. "Mwaka mzima namvuta kama ndoo kisimani, msimamizi akipiga simu anasema vizuri. Namwambia, baba watoto, sema ukweli. Ananijibu, mtu kanisalimia, hajaniuliza ugonjwa."

Mama Chai anasema maneno hayo yalimgonga kichwani. Mtu kanisalimia, hajaniuliza. Hapo hapo akajua atauliza nini, na hakumwambia fundi. Alimwomba tu mambo mawili: asikilize swali mpaka mwisho, na ajibu lililo kweli.

Siku ya ushahidi, fundi alipanda kizimbani kwa fimbo. Wakili wa kampuni alikuwa amekaa kwa utulivu, akingoja zamu yake. Mama Chai alimwongoza fundi kwenye habari za jukwaa, za kuanguka, za daktari. Kisha akamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye faili lolote.

"Fundi, ukikutana na mtu njiani akakuuliza habari za afya, unamjibuje?"

"Namjibu nzuri."

"Kwa nini?"

"Sasa nimwambie nini mtu wa watu, ana safari zake? Ile ni salamu, dada wakili. Hata msibani watu wanasema nzuri."

Kuna watu waliocheka nyuma. Jaji aliinua macho.

"Na mkeo akiamka akakuuliza umeamkaje, unamjibuje?"

Fundi alisikiliza swali mpaka mwisho, kama alivyoombwa.

"Mke wangu haulizi," akasema. "Anakuja na shuka."

Akaulizwa shuka la nini, akaeleza. Alieleza polepole, kichwa chini, kwa aibu ya mwanaume anayesimulia watu asiowajua jinsi anavyotolewa kitandani.

Zamu ya wakili wa kampuni ilipofika, alisimama, akatabasamu kama desturi yake. "Habari za…" akaanza, kisha akakwama katikati. Jaji ndiye aliyemsaidia. "Msomi, salamu nadhani tumeshazimaliza. Endelea na maswali." Yule bwana aliuliza mawili matatu kuhusu jukwaa, akakaa.

Hukumu ilikuja baada ya miezi kadhaa. Kampuni iliamriwa kulipia operesheni na kumfidia fundi kwa muda aliokosa kazi. Haikukata rufaa. Mama Chai alipokea habari hizo akiwa kwenye benchi la duka la vipuri, na muuza duka anasema alimkumbatia Mama Chai mpaka akampaka grisi ya mikono yake kwenye koti jeusi.

Tangu hapo jaji mstaafu humwita aje kufundisha kipindi hiki cha salamu. Mawakili huja kwa ajili ya leseni na kubaki kwa ajili ya kiti. Mmoja mmoja hukaa kizimbani, husalimiwa, na karibu wote husema nzuri. Kisha hufundishwa swali la Mama Chai, ambalo sasa linazunguka mjini: nzuri ya njiani, au nzuri ya nyumbani?

"Wateja wetu hawadanganyi, wana adabu tu," anawaambia leo. "Ukishindwa kutofautisha hayo mawili, utamzika mtu na adabu yake."

Ana mpango. Anataka mwakani kipindi hiki kifike kwa wauguzi na kwa wale wanaochukua maelezo ya majeruhi, kwa sababu huko ndiko neno nzuri linakoandikwa kwa mara ya kwanza. Na anatafuta chumba cha chini, kisicho na ngazi, awe anakaa na watu walioumia kila Jumamosi kabla hawajakwenda mahakamani. Kodi bado hajaipata. "Nitaipata," anasema. "Nikiikosa, benchi lipo."

Chai ya saa nne inaingia, na leo hakuna anayekaribia mlango wa nyuma. Badala yake mlango huo unafunguliwa toka nje. Anaingia mwanaume mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi, anatembea kwa mguu mmoja mzito kidogo, mkononi hana fimbo. Ameombwa aje kukaa kwenye kile kiti, mawakili wafanye mazoezi kwa mtu wa kweli. Amefika mapema, ndoo yake ya lipu kaiacha mapokezi, maana jioni ana ukuta wa kumalizia. Wa chini, anaeleza. Majukwaa daktari amesema tusubiri kwanza.

Anakaa. Wakili kijana wa mstari wa nyuma anaombwa aanze.

"Habari za afya, fundi?"

"Nzuri," anasema fundi, haraka, kama alivyozoea.

Ukumbi unacheka. Kijana anamtazama Mama Chai, kisha anarudi kwa shahidi.

"Nzuri ya njiani, fundi, au nzuri ya nyumbani?"

Fundi anafikiri. Anapapasa nyonga yake juu ya suruali, kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Ya nyumbani," anasema. "Leo asubuhi nimeinuka mwenyewe, nimevaa, nimetoka. Mke wangu hata hana habari. Nimemwacha amelala."