Siku Niliyoibandua Tanganyika

Nichekeni, lakini nimalize kwanza. Shule yetu ya misheni, huku juu Umatengoni, ililetewa tufe la dunia, na hata waliozoea kusinzia kwenye jiografia waliamka. Mwalimu Komba alilizungusha mbele ya taa, tukaona Amerika wako gizani na kwetu kumekucha. Akaonya kwamba atakayeliharibu atabeba sanduku lake arudi kwao.

Kwetu ni Kihagara, ziwani, kwa hiyo jambo moja likanisumbua: dunia ikizunguka, mbona Ziwa Nyasa halimwagiki? Wenzangu walipokwenda kula, nikachota maji, nikayamimina penye ziwa, nikalizungusha tufe.

Yalimwagika. Tanganyika nayo ikabanduka, kumbe nchi zote ni karatasi ya gundi. Nikaianika kwenye benchi langu. Mara kengele ikalia, nikaikalia upesi kuificha.

Mwalimu aliingia, akalitazama tufe.

"Vijana, jana tulikuwa na Tanganyika. Imekwenda wapi?"

"Labda Waingereza wamehama nayo, Mwalimu," nikasema.

Darasa likacheka.

"Njoo basi, mjuaji wa ziwani, utuonyeshe ilipokuwa."

Nikaenda kifua mbele, nikiamini karatasi imebaki benchini, nikainama kwenye tufe. Kicheko kikazidi, nikadhani bado wanafurahia utani wangu.

"Baki hivyohivyo, usigeuke," Mwalimu alisema nyuma yangu, taratibu kama anayefundisha. "Wengine sogeeni muone. Ziwa Nyasa ni hapa, kwenye mfuko wa kushoto wa kaptula yake."